MAOVU WALIYOTENDEWA RAIA WA UHABESHI, 1935 HADI 1941

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Bwana Katibu alituandikia kwamba tuseme juu ya vita ya uchokozi, na juu ya raia wanaouawa ndani yake ilhali hawakushika silaha. Jambo hilo ni pana mno. Tukitaka kulisema lote tutalala hapa. Basi tumechagua vita moja, vita ya Wataliani katika Uhabeshi, iliyoanza tarehe 3 Oktoba 1935. Tumeichagua kwa sababu ni vita ya jirani zetu, na wazee wa nchi hizi zetu walikuwamo katika mwisho wake. Tena ni vita ambayo karatasi zake hazikupotea, nasi ni watu wa karatasi.

Watu husema, Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ni kweli mahali pengi, lakini katika habari hii twaikataa. Tembo hana nia na nyasi. Azikanyaga kwa kuwa zimekuwa chini ya miguu yake. Raia wa Uhabeshi hawakukanyagwa kwa bahati mbaya. Walitafutwa, wakahesabiwa, na hesabu yao ikapelekwa Roma kwa simu. Mtu asemaye juu yao kwamba vita ndivyo vilivyo, huyo awafunika wenye makosa kwa nguo ya methali.

Mwanzo wa mambo mwaujua. Mwaka 1896, tarehe 1 Machi, jeshi la Italia lilishindwa na Wahabeshi huko Adwa, na aibu ile haikusahauliwa Roma. Hata hivyo nchi ya Uhabeshi iliingia katika Chama cha Mataifa mwaka 1923, na mwaka 1928 Italia yenyewe ilitia sahihi mkataba wa urafiki nayo, urafiki wa miaka 20. Mwaka huo huo wa 1928 Italia ilithibitisha mapatano ya Geneva ya mwaka 1925, yanayokataza kutumia hewa ya sumu vitani. Zingatieni miaka hiyo. Miaka 7 tu baadaye majeshi yake yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, pasipo kutangaza vita, na mengine yakaingia kwa upande wa kusini kutoka Somalia.

Sasa tufike kwenye sumu. Sumu iliyotumika zaidi ni ile inayoitwa haradali, ingawa haina uhusiano na haradali ya jikoni. Si moshi wa kupita na upepo. Ni kitu cha majimaji kama mafuta, kiangukacho juu ya majani na maji kikakaa. Amgusaye hasikii kitu kwanza. Baada ya saa kadhaa ngozi yatoka malengelenge makubwa, macho yafumba, na aliyeivuta hupata vidonda kifuani. Kinyago cha kukinga pumzi hakitoshi, maana sumu yaingia kwa ngozi. Fikirini basi nchi ambayo askari na mkulima wote hutembea miguu mitupu, na mama huteka maji mtoni kwa mikono yake. Desemba 1935, karibu na mto Takaze, ndege ziliangusha mapipa yaliyopasuka ardhini yakamwaga maji yasiyo na rangi, na watu wa Ras Imru wakaanza kulia kwa maumivu, wasijue wamepatwa na nini. Baadaye Wataliani waliona mapipa hayatoshi. Ndege zikatiwa vyombo vya kunyunyiza, zikaruka kwa safu, moja ikifuata nyingine, na mvua ile ikaangukia majeshi, na mashamba, na ng'ombe, na visima. Mchungaji wa ng'ombe hakuwa adui wa Mtaliani, wala kisima hakina taifa.

Wakubwa wa Italia walipoulizwa walikana. Walipobanwa walisema kwamba Wahabeshi ndio walioanza uovu, kwa kumwua rubani mmoja wa ndege aliyeshuka mikononi mwao, na kuuharibu mwili wake. Hatutaki kuficha: rubani huyo aliuawa kweli, na kumwua mateka ni kosa, awe wa taifa lo lote. Lakini hapa ndipo kazi yetu ya ukarani hutusaidia. Karani mzuri, akiona barua mbili zinazogombana, kwanza hutazama tarehe. Rubani yule alikufa tarehe 26 Desemba 1935. Simu ya Mussolini ya kumruhusu Jenerali Graziani kutumia hewa ya sumu iliandikwa tarehe 27 Oktoba 1935, miezi miwili kabla. Mtu hawezi kulipiza kisasi cha jambo ambalo halijatokea.

Wala hospitali hazikupona. Tarehe 6 Desemba 1935 mji wa Dessie ulipigwa mabomu, na hospitali yenye alama ya Msalaba Mwekundu ikapigwa pamoja nao. Tarehe 30 Desemba hospitali ya Waswidi ilipigwa huko Malka Dida, wagonjwa wakafa ndani ya mahema yao. Tarehe 4 Machi 1936 ikawa zamu ya hospitali ya Waingereza, karibu na Korem. Msalaba ule ulikuwa umechorwa mkubwa, uonekane na mtu aliye juu. Ukaonekana.

Mji mkuu uliingiwa tarehe 5 Mei 1936. Mfalme Haile Selassie alikuwa ameondoka kwa gari la moshi kwenda Djibouti, na tarehe 30 Juni alisimama Geneva mbele ya mataifa, akasema kwa Kiamhara habari ya sumu ile na watu wake. Waandishi wa magazeti wa Kitaliani waliokuwa roshani walimpigia miluzi hata wakatolewa nje. Lakini si miluzi iliyotuumiza sisi tuliosoma habari ile. Kilichotuumiza ni utaratibu mzuri wa mkutano. Watu walisikiliza, wakashukuru, wakaandika kumbukumbu za mkutano, na katika mwezi wa Julai wakaondoa hata ile adhabu ndogo ya biashara waliyokuwa wameiwekea Italia, adhabu ambayo tangu mwanzo haikugusa mafuta ya petroli. Mfereji wa Suez nao haukufungwa hata siku moja. Ndege zile za sumu ziliruka kwa mafuta yaliyonunuliwa kwa halali, na risiti zake zilitiwa sahihi.

Twaja sasa kwenye sehemu iliyotufanya tuichague habari hii. Vita ilipokwisha kwa tangazo la Roma, mauaji ya raia hayakwisha, yalipata ofisi. Tarehe 5 Juni 1936 Mussolini alimpelekea Graziani simu kwamba waasi wote watakaokamatwa wapigwe risasi. Tarehe 8 Juni akatuma nyingine, ya kuruhusu hewa ya sumu ili kuwamaliza waasi. Tarehe 8 Julai akatuma ya tatu, akimruhusu kuanza na kuendesha, kwa utaratibu, siasa ya kitisho na kuangamiza, si juu ya waasi tu, bali na juu ya watu wa vijiji watakaowaunga mkono. Kila simu ilikuwa na namba na tarehe, kama kawaida ya ofisi njema. Tena neno hilo "kwa utaratibu" ni neno letu, ndugu. Ndilo neno tunalolisikia kila siku tukifundishwa kazi.

Kisha ikaja tarehe 19 Februari 1937, ambayo Wahabeshi huiita Yekatit 12. Graziani alikuwa amewaita masikini wa Addis Ababa katika uwanja wa jumba la mfalme wapokee sadaka, kwa furaha ya kuzaliwa mtoto katika ukoo wa mfalme wa Italia. Vijana wawili wa asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakatupa makombora ya mkono, na Graziani akajeruhiwa. Huyo Abraha, kwa taarifa yenu, alikuwa mkalimani katika kazi ya serikali ya Wataliani. Hatusemi zaidi juu yake. Kila mmoja na amfikirie kwa namna yake.

Lakini waliotupa makombora walikuwa wawili, na waliokimbia mjini. Askari walianza kuwapiga risasi masikini wale wale walioitwa kupewa sadaka, vipofu na viwete na wazee, nao uwanja ukiwa umefungwa milango. Jioni mkuu wa chama cha Kifashisti katika mji, Guido Cortese, akawapa watu wake ruhusa. Kwa siku tatu Wataliani wa mashati meusi, na wengine waliokuwa wafanya kazi wa kawaida tu, madereva na maseremala, walipita mitaani na petroli na marungu na majambia. Nyumba za nyasi zilichomwa zikiwa na watu ndani, na aliyetoka alingojewa mlangoni. Kanisa kuu la Mtakatifu Giorgis lilitiwa moto. Serikali ya Uhabeshi baadaye ilitaja watu 30,000 kuwa waliuawa. Mtafiti Ian Campbell, katika kitabu chake cha mwaka 2017, alikadiria watu wapatao 19,000. Hesabu za Wataliani zilikuwa ndogo mno kuliko hizo. Hatuna haja ya kugombania tarakimu. Chukueni iliyo ndogo, nayo yatosha kumnyima mtu usingizi.

Na wajumbe wa mataifa ya kigeni waliokuwa katika mji waliona moshi, wakaandikia serikali zao. Barua zilifika. Zilitiwa katika majalada. Mwaka uliofuata, 1938, serikali ya Uingereza ilifanya mapatano na Italia, ikakubali ya kuwa Italia ndiyo yenye Uhabeshi.

Baada ya siku zile tatu ikafuata kazi ya polepole. Waliotafutwa kwanza walikuwa vijana waliosoma, wale waliokwenda shule za ng'ambo na wale wa chuo cha kijeshi cha Holeta. Wengi waliuawa, hata nchi ilipokombolewa hakukuwa na watu wa kutosha wa kushika kalamu. Tungependa mwenzetu aketiye pale nyuma alifikirie jambo hilo. Katika Addis Ababa ya mwaka 1937, kujua kusoma Kifaransa au Kiingereza kulitosha kumpeleka mtu ukutani. Waganga wa ramli, waimbaji wa njiani na watawa wa mapangoni nao walikamatwa wakapigwa risasi, kwa kuwa walidhaniwa kueneza habari ya kwamba utawala wa Italia hautadumu. Habari yenyewe, kama mjuavyo, ilikuwa kweli.

Mwezi wa Mei wa mwaka huo ukawa wa Debre Libanos, nyumba ya watawa iliyo kongwe na yenye heshima kuu katika Uhabeshi. Graziani aliamini kwamba watawa waliwaficha vijana wale wawili. Akamwandikia Jenerali Maletti awaue wote pasipo kubagua. Maletti akachagua kikosi cha askari Waislamu, kwa kudhani kwamba askari Wakristo wa Eritrea wangesita mbele ya mapadre wa dini yao. (Hivyo ndivyo mtawala mgeni anavyojua kutumia misikiti na makanisa yetu, sisi wa pwani na bara tuliokaa pamoja dini hizi mbili tulitie jambo hili moyoni.) Tarehe 21 Mei 1937 Graziani aliarifu Roma kwamba watawa 297 wamepigwa risasi, pamoja na watu wengine 23 walioshukiwa. Siku chache baadaye akaongeza mashemasi 129, wengi wao vijana. Akafunga hesabu: 449. Uchunguzi wa baadaye wa Campbell na Degife Gabre-Tsadik umeonyesha kwamba waliouawa walizidi hao mara tatu au nne, maana mahujaji wa sikukuu walikuwamo.

297 na 23 na 129 ni 449. Jumla ni sahihi. Kuna mtu aliyeijumlisha. Kuna mtu aliyeiandika kwa mashine, akasoma tena kuona kama kuna kosa, akaipeleka kwa bwana mkubwa itiwe sahihi, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana. Jina lake hatulijui, na pengine hakuwa mtu mbaya katika nyumba yake.

Waliosalia wa namna namna walipelekwa kambini. Danane, katika pwani ya Somalia karibu na Mogadishu, na kisiwa cha Nocra katika Bahari ya Sham, ndizo kambi mbili ambazo majina yake yalitisha. Huko watu walikufa kwa joto, kwa maji mabaya na kwa kuhara, wanawake na watoto miongoni mwao. Wengine walivuka mpaka wakaingia Kenya, wakawekwa kambini Isiolo, na baadaye Taveta. Vijana wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipopanda kaskazini mwaka 1941, pamoja na wenzao wa Gold Coast na Nigeria, waliipita nchi hiyo iliyoungua. Mfalme alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji ulipoingiwa.

Pana hoja moja tuliyoisikia hata kwa watu wenye elimu, nayo twaijibu upesi. Husemwa kwamba Uhabeshi ilikuwa na watumwa, na Wataliani walikwenda kuwakomboa. Ni kweli watumwa walikuwako, na sisi wajukuu wa pwani hii hatuwezi kulifanyia mzaha jambo la utumwa. Ila sumu iliyoangushwa mtoni haikuuliza nani mtumwa na nani bwana wake. Waliokwenda kuteka maji, mara nyingi, walikuwa watumwa.

Tulipoisoma hotuba hii kwanza mbele ya wenzetu wachache, mmoja alituuliza: "Haya yote ni ya kusikitisha, lakini karani afanye nini? Amri hutoka juu. Nina watoto watano na kodi ya nyumba." Hatukuwa na jibu la haraka, na hata leo hatuna jibu lililo rahisi. Sisi wenyewe tuliwahi, katika ofisi ambayo hatutaitaja, kuandika barua ya kuwatoa watu katika mashamba yao kwa siku 7. Tuliiandika safi. Tulichoangalia ni kama mikato na nukta zimekaa mahali pake. Baada ya miezi tulimkuta sokoni mzee mmoja wa wale watu, akatuambia kwamba barua ilikuwa ya Kiswahili kizuri sana. Alisema hivyo bila uchungu, na ndiyo maana hatukuweza kumjibu.

Barua ile haikuua mtu, nasi hatujilinganishi na ofisi ya Graziani. Lakini tangu siku ile twasoma tunachoandika. Na juu ya amri kutoka juu, mahakama ya Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, ilikataa kwamba amri ya mkubwa yamwondolea mtu hatia ya makosa ya namna hii. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba kuanzisha vita ya uchokozi ni kosa kuu, kwa kuwa ndani yake mna maovu yote mengine. Hayo waliyasema juu ya Wajerumani. Juu ya Wataliani wa Uhabeshi hakuna mahakama iliyokaa. Mwaka 1948 tume ya mataifa ya makosa ya vita iliona kwamba pana sababu ya kuwashtaki Badoglio, Graziani na wengine, wote wanane; hakuna hata mmoja aliyefikishwa kizimbani kwa mambo ya Uhabeshi. Graziani alihukumiwa na Wataliani wenzake mwaka 1950 miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akatoka baada ya miezi michache, akafa mwaka 1955 kitandani. Mwaka 2012, katika mji wa Affile, alijengewa ukumbusho kwa fedha ya umma.

Twalaani matendo hayo, na twalaani ukimya uliofuata. Kulaani kwetu hakumfufui mtu, twajua. Lakini tazameni kilichotokea kwa karatasi. Kwa miaka mingi wakubwa wa Italia walikana habari ya sumu, na aliyeisema aliitwa mwongo. Mwandishi Angelo Del Boca akakaa na majalada, simu kwa simu, tarehe kwa tarehe, hata mwaka 1996 wizara ya ulinzi ya Italia ikakiri kwamba sumu ilitumika. Simu zile zilikuwapo wakati wote. Hazikuchomwa, hazikupotezwa, mtu fulani, karani, alizipanga kwa namba akafunga kamba. Kama alikusudia au hakukusudia, hatujui. Na mkataba wa nne wa Geneva wa mwaka 1949 uwalindao raia vitani, na mapatano ya Kampala ya mwaka 2010 yaliyoeleza maana ya kosa la uchokozi kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, vyote vyahitaji ushahidi wa namna hiyo hiyo ili vipate kufanya kazi: nani aliandika, siku gani, kwa nani.

Muda tuliopewa umekwisha, na twamwona Bwana Katibu akitazama saa. Tumeandika orodha ya tarehe za simu tulizozitaja, nayo iko mezani kwake kwa ye yote atakaye kuinakili. Stensili ilikatika kidogo katika ukurasa wa pili, basi tarehe ya Julai isomeke 8, si 3. Wenye maswali tuko tayari.